Bwana Afya Filemoni na Mvua Iliyomwagwa

Tarehe 30 Juni 1997, Ndugu Filemoni Chitanda, Bwana Afya wa Kituo cha Afya Nakachindu, anakabidhi ufunguo wa ofisi yake baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Wasifu huu ulikuwa uandikwe na Daktari Cecil, mganga wetu mfawidhi. Akaandika mistari miwili inayofanana na cheti cha rufaa, akakwama, akanipa mimi dereva nimalizie. Hakukosea. Sekondari niliiona kwa nje tu, lakini hapa kituoni hakuna aliyekaa karibu na mzee huyu kunishinda mimi. Tumekaa viti vya mbele vya Landrova, kwenye barabara ya mchanga, na humo mtu hawezi kujifanya mwingine.

Bwana Afya alizaliwa Lupaso, akasoma Chidya, akaajiriwa mwaka 1965 akiwa kijana mwembamba mwenye baiskeli ya serikali na bomba la dawa ya mbu mgongoni. Wakati wa vijiji vya ujamaa alisimamia uchimbaji wa vyoo kuanzia ukingoni mwa uwanda wetu wa juu hadi kukaribia Newala mjini. Wapo wazee walioketi hapa leo, tena viti vya mbele, waliokuwa wakikimbilia kichakani wakisikia kengele ya ile baiskeli. Vyoo vyao vilikuwa vya maonyesho: mlango mzuri, paa zuri, shimo hakuna. Majina ninayo. Nitayataja wakati wa chakula nisipopewa paja la kuku.

Mpole hajawahi kuwa. Mzee huyu ni msumbufu, mbishi na anajisifu, na kwa kujisifu nilidhani niko peke yangu hapa kituoni mpaka nilipompakia. Akialikwa harusini, kabla ya kunywa maji anayanusa, anayainua juani, anayanusa tena, wenye shughuli wakimtazama kama washtakiwa. Harusi moja ya Chiungutwa mama wa bibi harusi alishindwa kuvumilia, akamwambia mbele ya watu, "Baba Oscar, hayo ni maji, siyo mchumba. Kunywa au acha!" Akayaacha.

Mnalijua pia swali lake. Ukimwaga kitu, ukitupa kitu, yeye huyo nyuma yako: halafu kinakwenda wapi? Muuguzi Isabela aliwahi kumwaga chupa za dawa ya kikohozi iliyoharibika kwenye karo la kliniki, akanawa mikono, akageuka, akamkuta mlangoni.

"Umezimwaga?"

"Nimezimwaga, Bwana Afya."

"Halafu zinakwenda wapi?"

"Kwenye karo."

"Na karo linakwenda wapi?"

"Nje. Ardhini."

"Na ardhini?"

Isabela akamwambia yeye ni muuguzi, mambo ya ardhini aulizwe mchimba makaburi. Ndipo Bwana Afya akamshika mkono, akampeleka mpaka ukingoni, akamwonyesha bonde kule chini na njia nyembamba waliyokuwa wakipanda kina mama na ndoo kichwani. Uwanda wetu huu ni mchanga mtupu, akamwambia. Ukimwaga kitu hapa kinazama, kinashuka, kinatokea kwenye chemchemi za bondeni. Kushuka kinashuka chenyewe. Kupanda, tunakipandisha sisi kwa vichwa vyetu, tunakuja kukinywa.

Tulimcheka sana kwa hilo somo. Sasa nisikilizeni habari ya mwaka 1994, maana mwaka huo hakuna aliyecheka, na wageni mliotoka wilayani ni haki yenu kujua kwa nini kijiji kizima kimekuja kumuaga mtu aliyewahi kuwamwagia mvua.

Zilikuwa enzi za ruksa. Kila kitu ruksa. Mitumba ilifika, redio zikafika, na dawa zikatoka hospitalini zikaingia mtaani. Masasi na Newala ukienda sokoni unakuta kapsuli zimepangwa pembeni ya sigara na sindano za kushonea, unauziwa moja moja, hakuna wa kukuuliza unaumwa nini. Kituo chetu nacho kilipata msaada kutoka nje: makopo makubwa ya tetrasaiklini, kapsuli za rangi mbili, nusu nyekundu nusu njano, zikaja kwa wingi kuliko wagonjwa wa tarafa nzima. Zilikuwa zimebakiza muda mfupi. Muda ukapita, stoo imejaa, agizo likaja: ziteketezwe.

Kuteketeza, kwa utaratibu tuliokuwa nao, ni kuchimba na kufukia. Bwana Afya alichimbisha shimo refu nyuma ya stoo, makopo yakashushwa yakiwa mazima na vifuniko vyake, udongo ukarudishwa, juu miiba. Akapanda kwenye kile kichuguu, mikono kiunoni. "Hapa hata fisi hafukui," akasema. Tukampigia makofi. Kituo kizima kilikuwepo, na siku hiyo hakuna aliyemuuliza lile swali lake.

Upande wa pili mikorosho ilikuwa inakufa kwa ubwiri unga. Mnaujua: maua yanavaa unga wa kijivu, yanakauka, msimu umekwisha. Dawa yake ni salfa, ule unga wa njano unaopulizwa kwa mashine mti mzima. Zamani salfa ililetwa na ushirika. Ushirika ukafa, ghala likafungwa, ikawa mfanyabiashara analeta salfa akijisikia na kwa bei anayojisikia.

Shamte, kijana wa hapa hapa, mtundu, mdomo mwepesi karibu kama wangu, akapata akili. Salfa ni unga wa njano. Ndani ya kapsuli za Bwana Afya mna unga wa njano. Na sisi watu wa huku tumezaliwa tukibangua korosho, ngumu vile, yenye utomvu unaobabua vidole. Mtu wa namna hiyo atashindwa na kapsuli? Shamte alilifukua shimo, akarudisha udongo vizuri na miiba juu, akawaweka watu uani kwake wanabangua kapsuli kwa kucha. Unga akauchanganya na salfa kidogo, akauuza. Akauita salfa ya kisasa.

Mimi na Bwana Afya tulimkuta shambani kwake mwishoni mwa Oktoba, wanapulizia mikorosho iliyochelewa kuchanua. Mimi ningepita. Mashine inanguruma, vumbi la njano juu ya miti, jambo la kawaida. Bwana Afya akanigonga bega nisimame.

"Shikamoo, Bwana Afya!" Shamte akaita.

"Marahaba. Mbona hamlii?"

"Tulie? Kafiwa nani?"

"Mtu akipuliza salfa macho yanamtoka machozi mpaka jioni. Ninyi mnacheka, macho makavu. Hiyo ni nini?"

"Ya kisasa hiyo, Baba Oscar. Haiwashi."

Mzee akainama. Chini ya mkorosho palikuwa na maganda madogo, mekundu na ya njano, yametapakaa kama maganda ya korosho uani kwa bibi. Akaokota moja, akaliweka kiganjani, uso ukambadilika. Sijawahi kumwona vile, na mimi nimemwona akipinduka na baiskeli mara nyingi.

"Umezitoa wapi?"

"Ulizitupa mwenyewe," Shamte akasema, bado anacheka. "Kilichotupwa hakina mwenyewe. Halafu, mzee, kama hii inaponya kisonono, ubwiri ni nini?"

Mimi nilicheka. Bwana Afya alirudi garini. Tulipofika kituoni alichukua jembe mwenyewe, akafukua alipokuwa amesimama siku ile. Akachimba mpaka akafika chini. Halikuwemo hata kopo.

Akatueleza mimi na Daktari Cecil, amesimama pale pale shimoni, udongo umemfika kifuani. Tetrasaiklini ikipitwa na muda inageuka sumu ya figo. Mtoto mdogo akiinywa, au mama mwenye mimba, meno ya mtoto yanaota rangi ya chai na hayatakati tena. Na hata ikiwa kidogo kidogo kwenye maji, vijidudu vinaizoea. Siku mtu anaumwa kweli unampa kapsuli, vijidudu vinamcheka. Daktari akasema kesho ataita polisi. Alisema kwa sauti kubwa. Habari ya polisi ikafika kwa Shamte kabla ya ugali wa jioni.

Kesho yake mawingu yaliamka mazito upande wa mashariki. Ilikuwa mapema kwa mvua, lakini yalikuwepo, na kijiji kizima kilitoka nje kuyatazama. Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Matangi yalikuwa yamekauka, maji yananunuliwa kwa watu wa baiskeli waliokuwa wakiyapandisha kutoka bondeni, na watoto walikuwa wananawishwa kwa kitambaa. Macho yote yalikuwa kwenye ghala la ushirika, maana ushirika ulikufa lakini paa lake la bati halikufa. Ndilo paa kubwa kuliko yote Nakachindu, na chini yake lipo tangi lililochimbwa ardhini ambalo likijaa linatuvusha miezi.

Tulikuwa tunapakia madumu garini, Shamte akatokea anakimbia, shati limelowa jasho.

"Baba Oscar, nimezitupa! Zote zilizobaki, na unga uliokwisha kubanguliwa. Polisi wakija hawakuti kitu."

"Umezitupa wapi?"

"Kwenye tangi la ghalani. Si lilikuwa kavu! Mfuniko umevunjika pembeni, nikamimina."

Radi ikapiga. Hakuna aliyeuliza zinakwenda wapi.

Kwa wageni wetu: watu wa uwanda huu hawaingizi mvua ya kwanza tangini. Gata, ule mfereji wa bati ukingoni mwa paa, linageuzwa pembeni, paa lioge kwanza, vumbi na uchafu wa ndege uondoke, maji hayo yamwagike chini. Paa likisha kuoga, msimamizi anapiga kelele "Geuza!" na gata linaelekezwa kwenye tangi. Hapa Nakachindu mwenye kelele hiyo ni Bi. Shakila, mwenyekiti wa kamati ya maji, na sauti yake mnaijua. Akiita mbuzi wake, mbuzi wa Newala wanageuka.

Niliendesha gari siku hiyo kama sitaliendesha tena. Tulifika ghalani, foleni ya wanawake na ndoo imezunguka jengo, matone ya kwanza yanagonga bati. Bwana Afya akaweka ngazi, akapanda na suruali yake ya serikali, akakaa juu ya gata pale linapogeuziwa. Akalikumbatia kwa miguu kama mtu aliyepanda punda.

Mvua ikashuka. Maji mekundu ya vumbi yakatoka, yakamwagika chini. Yakawa ya njano kidogo, kwa vumbi la mikorosho. Yakawa meupe.

"Geuza!" Bi. Shakila akaita.

Gata halikugeuka.

"Bwana Afya! Paa limeoga. Geuza!"

"Sigeuzi."

Maji yalikuwa yanamwagika mchangani kwa kishindo, mazuri, baridi, na watu wanayatazama. Kelele iliyotoka pale sijaisikia hata kwenye mpira wa Masasi na Newala. Mmoja anasema mzee amechanganyikiwa, mwingine anasema amehongwa na wauza maji wa baiskeli. Bi. Shakila akashika ngazi.

"Baba Oscar, mimi nakuheshimu tangu ulipokuja kunichungulia choo nikiwa mwali. Shuka. Nina wajukuu wana kiu."

"Kwa ajili ya hao hao, mama. Tangi lina sumu."

"Sumu ya nani?"

Shamte, tuliyekuja naye garini, alikuwa nyuma ya Landrova, amejikunja. Nilimwona mzee akimwona. Angenyoosha kidole tu, yule kijana asingefika jioni. Watu walikuwa wameokota mawe. Kidole hakikunyooka.

"Yangu," Bwana Afya akasema. "Ni zile dawa nilizofukia mimi. Nilisema hata fisi hafukui. Sikuzifukia vizuri, zimetoka, zimo humo tangini. Nikigeuza hili gata, mtazinywa mpaka mvua nyingine."

Jiwe likagonga bati karibu na kichwa chake. Akainama, hakushuka. La pili likampata kwenye bega. Ngazi ikaanza kutikiswa. Niliogopa, naandika bila aibu. Nikamgeukia Shamte, nikamwambia, "Wewe ukikimbia nakupanda na gari. Unataka auawe mzee kwa akili yako ya kisasa?"

Shamte akasimama. Akapita katikati ya wanawake, akafika kwenye mfuniko uliovunjika, akajipenyeza, akazama. Akatokea tena ameshika kopo la kituo, na mkono wote mpaka kiwiko umepakaa rojo la njano, maana maji yaliyokuwa yakijipenyeza kwenye ufa wa mfuniko yalikwisha kuukoroga ule unga. Akalinyanyua juu.

"Nimetia mimi," akasema. "Mwacheni Baba Oscar."

Bi. Shakila akalitazama kopo, akautazama ule mkono, akamtazama Shamte kwa macho ambayo, kwa maoni yangu, yalikuwa adhabu kuliko jela. Halafu akageuka, akaita kwa ile sauti ya mbuzi.

"Leteni ndoo! Tangi hapana! Kingeni kwenye gata!"

Ndipo ilipoanza vurugu ya heri. Ndoo, madumu, masufuria, beseni la kuogeshea watoto, hata ngoma moja iliyogeuzwa. Mimi nilijaza kila chombo ndani ya Landrova na kofia yangu juu, na nasema hapa kwa maandishi kwamba hakuna aliyekinga maji mengi kuliko mimi. Lakini vyombo vya kijiji havifiki hata goti la tangi lile. Vikajaa vyote, na mvua ikaendelea, nzito, ya baraka, na tukasimama kuitazama ikimwagika mchangani. Bwana Afya alikaa juu ya gata mpaka tone la mwisho, bega linavuja damu. Alikuwa anayatazama yale maji yakizama. Alijua yanakwenda wapi.

Kungoja mvua nyingine kulikuwa kurefu. Bwana Afya alifungua tangi la nyumbani kwake, foleni ikahamia uani kwa Mama Oscar, ambaye alinuna mpaka Krismasi na hakumfukuza mtu. Mimi na yeye tulishuka bondeni na Landrova na kupanda, kushuka na kupanda. Tangi la ghala lilikombwa, likasuguliwa, likapigwa plasta upya. Msuguaji mkuu alikuwa Shamte, na polisi waliachia hapo. Lile rojo na makopo Bwana Afya hakukubali yafukiwe tena. Alivichanganya na saruji ndani ya mapipa, vikaganda kama jiwe, akayapanga pale langoni ambapo kila aingiaye anayaona. Wagonjwa huyakalia wakingoja zamu. Mzee amekataa yaondolewe, na Daktari Cecil amejifunza kutobishana.

Tangu hapo hakuna kopo zima linalotoka stoo yetu kwenda kutupwa. Wenye maduka ya dawa wa Masasi na Newala aliwafuata mmoja mmoja, kwa ubishi wake ule ule, mpaka wakaanza kuleta kwetu mabaki yao. Wengine walimcheka. Aliwarudia tena na tena, wakachoka wao.

Lakini ulio­pulizwa ulipulizwa. Unga uliokwisha kutua kwenye mikorosho, juu ya mapaa na mchangani hauwezi kukusanywa. Nilimwambia siku moja barabarani, yamekwisha hayo, Baba Oscar, mvua imesafisha. Mnajua aliniuliza nini.

Tulipoanza kumchangia zawadi tulidhani atarudi Lupaso kwenye mikorosho ya baba yake. Hapana. Amejenga bondeni, chini kabisa ya ukingo, hatua chache kutoka chemchemi ambayo kina mama wa Nakachindu wanachota. Nilimsaidia kushusha mabati. Nilipomuuliza kwa nini aache upepo wa uwandani akaishi na mbu, alichota maji kwa kikombe, akayanusa, akayainua juani, akayanusa tena, akanywa. "Kila mnachomwaga huko juu kinakuja hapa," akasema. "Lazima awepo mtu wa kukipokea."

Kwa hiyo, wenzangu wa kituo, wenye maduka, na wewe Shamte uliyevaa suti leo: kuanzia kesho kila tunachomwaga juu ya uwanda huu tunakimwaga kwenye kikombe cha Bwana Afya. Kumbukeni hivyo mbele ya karo.

Ahsante, Baba Oscar, kwa kutuchungulia vyoo, kwa kutunusia maji, na kwa mvua uliyotunyima. Shuka salama bondeni, wewe na Mama Oscar, mpate afya na majirani wasiojificha. Kila jioni chota kikombe, nusa, kunywa. Siku ukisikia harufu, panda uje utuulize. Landrova nitaileta mimi.